Chura wa Ukurasa Mkavu

Kituo cha utafiti, chini ya mlima
2 Februari

Shikamoo Mzee wangu,

Hatujawahi kuonana, ila mimi nakujua kwa mwandiko. Aliyenifundisha kazi ya vyura alifundishwa na wewe, kwa hiyo ukikubali, kikazi mimi ni mjukuu wako. Nimeambiwa simu hupokei kwa sababu masikio yako na simu hayaelewani, lakini barua unajibu. Basi naandika.

Naandika kuhusu chura wako. Nasema wako kwa sababu vitabuni amepewa jina lako, na kwa sababu duniani kote anajulikana mmoja tu, na huyo mmoja yumo ndani ya chupa namba 618 pale makumbusho, ulimomtia mwenyewe miaka arobaini na mmoja iliyopita. Tangu hapo hakuna aliyemwona mwingine. Huu ni msimu wangu wa nne wa mvua kwenye mlima huu. Kile kijito ulichokitaja kwenye daftari lako nimekipekua jiwe kwa jiwe, mpaka samaki wadogo wamenizoea. Chura, hakuna.

Tarehe 30 Aprili kamati ya misitu itakaa. Kwa sasa mgongo wa mlima haujaguswa kwa ajili ya chura huyu peke yake. Nisipoonyesha hata mmoja aliye hai, ataandikwa kwenye orodha ya waliotoweka, na wenye machimbo ya kokoto wataanza kupiga baruti mwezi wa sita. Muda wenyewe ndio huo.

Wiki iliyopita nilikwenda makumbusho nikaomba kumwangalia kwa lenzi. Mambo matatu yamenikosesha raha. Vidole vyake havina utando hata kidogo. Kwa chura wa kijito kinachokwenda kasi, ni ajabu. Tena tumbo lake liliwahi kufunguliwa, na kadi inasema ndani mlikuwa na sisimizi na wadudu wa miti iliyooza, wala hakuna mdudu hata mmoja wa majini. Halafu alikuwa na mayai kumi na moja, makubwa kama dengu. Vyura wanaotaga majini hutaga mamia, madogo madogo. Huyu kumi na moja yake alikuwa anayapeleka wapi?

Je, kuna kitu ulichokiona siku ile ambacho hukukiandika?

Mjukuu wako wa kazi,
Mtafiti


Chumba cha nyuma, nyumbani kwa binti yangu
9 Februari

Marahaba mjukuu,

Nimekukubali kabla sijamaliza mstari wa pili. Barua yako imenikuta kitandani, mahali ninapopatikana siku hizi bila miadi. Chumba hiki kilikuwa cha cherehani ya binti yangu. Bado naokota pini kwenye zulia. Dawa zangu ni sita, na kila chupa nimeibandikia lebo kwa mkono wangu: jina, tarehe, idadi, nani kaileta. Binti yangu anasema, "Baba, umestaafu." Namwambia mwili umestaafu, mkono haujapewa barua yake.

Maswali yako ni ya mtu anayetazama kweli. Sasa sikiliza. Kuhusu utando, chura anaweza kukaa kando ya maji bila kuwa mwogeleaji, kama mimi nilivyokaa kando ya jiko maisha yangu yote bila kujua kupika. Sisimizi nao wapo kila mahali; jana walikuwa kwenye shuka langu. Ukitaka kumpata, usipoteze nguvu kule chini. Panda juu ya maporomoko ya pili, utakuta jiwe kubwa lenye ufa katikati, limeinamia maji. Hapo ndipo. Nakumbuka kama jana.

Niandikie kila kitu: ukungu unapanda saa ngapi, ndege gani wanalia, ule mti uliolala njiani bado upo au umeshaoza. Mtu akifungiwa chumba kimoja anakuwa mroho wa habari.

Wako,
Mzee Chupa


Kituo cha utafiti
1 Machi

Shikamoo Mzee,

Usishangae mwandiko, naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia uko kwenye plasta. Nilipanda juu ya maporomoko ya pili kama ulivyoniagiza, siku nane mfululizo. Nimekuta mawe makubwa tisa. Hakuna lenye ufa. Siku ya nane nikajaribu la mwisho, lile la ng'ambo, nikateleza. Kifundo cha mkono kimevunjika mahali pawili. Simlaumu mtu, mawe yana utelezi na nilikuwa nimechoka.

Lakini plasta imenikalisha kitako, nikaazima tena daftari lako la safari ile. Mzee, naomba usinielewe vibaya. Mlikuwa mlimani siku saba, na kurasa zote zimevimba kwa maji. Wino umesambaa, na kwenye ukurasa wa tarehe 12 kuna hata alama ya kidole chenye tope. Ukurasa wa tarehe 14, siku ya chura, ni mkavu. Mistari imenyooka, hauna hata tone. Na hapo hapo umeandika kwamba ulimkamata mwenyewe, kijitoni, saa kumi na mbili unusu asubuhi, mvua kubwa inanyesha.

Nimejaribu. Nilisimama kijitoni asubuhi ya mvua na daftari jipya mkononi. Baada ya dakika mbili lilikuwa uji.

Halafu nimegundua kitu kingine. Maswali niliyokuuliza yalikuwa matatu. Mawili umeyajibu kwa mzaha, na la mayai umelikalia.

Sikutuhumu. Nauliza kwa kuwa zimebaki siku sitini na sina mwingine wa kumwuliza. Ukurasa ule uliandikiwa wapi?

Mjukuu wako,
Mtafiti


Chumba cha nyuma
8 Machi

Mjukuu,

Uliandikiwa ndani ya hema, nimelala chali, homa imenipanda mpaka meno yanagongana. Kijitoni sikufika siku ile, wala ya kabla yake, wala ya baada yake. Chura sikumkamata mimi. Na jiwe lenye ufa halipo popote. Nililitunga hapa kitandani, kwa sababu uliuliza vizuri mno nikaogopa. Mkono wako nimeuvunja mimi. Sina namna nyingine ya kulisema.

Sasa nikueleze, na naomba usome mpaka mwisho hata ukikasirika.

Tulipanda watu wanne: mimi, wapagazi wawili, na mpishi. Mpishi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini, tukimwita Dada Moshi, kwa kuwa kuni za mlima ule zilikuwa mbichi na kila alipowasha moto tulimtafuta kwa kupapasa. Alikuwa na ulimi mwepesi na macho mepesi zaidi. Aliniambia ndege gani kahamia mti gani kabla mimi sijavaa miwani, nami nikicheka tu, nikidhani ni maneno ya jikoni.

Asubuhi ya tarehe 14 alifungua hema, ana sufuria mkononi, kaifunika.

"Bwana Mkubwa, umeamka? Nimekuletea mgeni."

"Kama ni uji, sitaki."

"Huyu ana macho. Uji wangu haujafika huko."

Nikafunua mfuniko. Alikuwa mdogo, hazidi kidole gumba, rangi ya majani yaliyooza, na kooni ana doa moja la njano, kama mtu aliyekula yai akasahau kujifuta. Nilikuwa na miaka ishirini kazini na sijaona kitu kama kile. Homa niliisahau.

"Umempata wapi?"

"Juu, mgongoni. Nilikwenda kutafuta kuni zenye nafuu. Nikapasua gogo bovu, nikamkuta ndani."

"Mgongoni hakuna maji, Dada Moshi."

"Ndiyo maana nimekuletea. Na mimi nimeshangaa."

"Chura hakai ndani ya gogo. Umemwokota kijitoni ulipokwenda kuteka maji, basi."

"Maji niliteka jana. Leo kijito sijakiona hata kwa mbali. Halafu subiri nikwambie, hakuwa peke yake, pembeni kulikuwa na—"

"Basi, basi. Kichwa kinanipasuka. Niletee chupa na spiriti."

Alinitazama kidogo. "Haya," akasema. "Wewe ndiye uliyesoma." Akaleta chupa, akachukua sufuria yake, akaenda kuisugua.

Nikaandika kijito. Saa nikaibuni. Penye nafasi ya mkusanyaji, nikaandika mimi.

Ningeweza kukwambia ni homa, na kwa asubuhi ile ningekuwa nimesema nusu ya kweli. Nilidhani namsahihisha. Lakini jina langu, je? Wakati ule tulikuwa watatu tunaowania kiti cha mtunza sampuli mkuu, na chura mpya ni ngazi. Sikuona sababu ya kupanda ngazi nikiwa nimeshikana mkono na mpishi.

Tena homa ilipona. Miaka mitano baadaye, kiti nimeshakikalia, nilimfungua tumbo. Nikaona hayo uliyoyasoma kwenye kadi. Nilijua pale pale, nimesimama na kisu kidogo mkononi, kwamba Dada Moshi alisema kweli kila neno. Kadi nikaiandika sawasawa, maana yale mayai yalikuwa yananitazama. Lebo nikaiacha. Nikarudisha chupa kwenye rafu, nikanawa mikono, nikaenda kula chakula cha mchana. Dhambi yenyewe ni hiyo. Ya hemani ilikuwa ujinga na kiburi cha mgonjwa. Kuanzia mchana ule, kwa miaka thelathini na sita, nilikuwa mzima wa afya na nilijua.

Wanafunzi wangu niliwapeleka kijitoni. Mwalimu wako nilimpeleka kijitoni. Kila waliporudi mikono mitupu nilitikisa kichwa kwa huzuni, na huzuni ile haikuwa ya uongo, ndiyo ajabu ya mambo haya.

Sasa tatizo ni hili: gogo sijui lilikuwa wapi. Alikuwa anataka kunieleza, nikamkatiza. Mtafute. Nilisikia zamani kwamba alipata kazi ya kupika kwenye chuo cha walimu, katika mji huo ulio chini ya mlima. Kama yu hai ana miaka sabini na moja.

Naomba mambo mawili. Moyo wangu umechoka. Daktari aliponiona na kitabu kinene aliniuliza kama sina kifupi zaidi. Kwa hiyo hutasubiri sana. Yaseme haya mkishanizika. Binti yangu huwaonyesha wageni picha ya chura huyu sebuleni kabla hajawapa hata kiti. Barua hii nimempa muuguzi aipeleke posta, si yeye. La pili, ile lebo yangu itoe chupani uichane. Sitaki ibaki humo wakati sipo wa kuieleza.

Mzee Chupa


Kituo cha utafiti
26 Machi

Shikamoo Mzee,

Nilikaa na barua yako siku tatu. Ya kwanza nilikasirika kwa ajili ya mkono. Ya pili, kwa ajili ya misimu minne. Ya tatu nikajikuta nawaza lile gogo: mayai ndani ya mti, bila dimbwi, bila kijito, yanaanguliwaje? Viluwiluwi wangeogelea wapi? Hasira ikakosa mahali pa kukaa.

Nimempata Dada Moshi. Alipika chuoni miaka ishirini na sita, amestaafu, anakaa na dada yake kwenye nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali. Nilimkuta barazani anatengeneza mwavuli kwa waya. Nikajitambulisha, nikamwambia natafuta chura wa mlimani.

"Mwenye doa hapa?" akagusa koo lake. Sikuwa nimetaja doa lolote.

Nikampa barua yako. Najua hukuniruhusu. Aliisoma yote, polepole, akibadilisha miwani mara mbili. Akaikunja.

"Anakula?" akaniuliza.

Nikasema sijui.

"Mtu wa moyo aache chumvi," akasema, akarudi kwenye mwavuli wake. Akakaza waya, akainua kichwa. "Kwa hiyo miaka yote hiyo walikuwa wanatafuta majini?"

"Ndiyo, Mama. Na mimi pia."

Akacheka mpaka dada yake akatoka ndani kuangalia kuna nini. Halafu akaacha ghafla.

Nikakunjua ramani nimwombe aonyeshe. Akaisukuma pembeni. "Sikuelekezi. Mara ya mwisho nilieleza kwa mdomo. Safari hii nakwenda mwenyewe."

"Mama, na hayo magoti?"

"Magoti ni yangu. Sijakuomba uyabebe."

Tunaanza kupanda wiki ijayo.

Sasa maombi yako. Yote mawili nayakataa, kwa heshima. Tukimpata mgongoni, mwanasheria wa machimbo atasimama aseme: huyu ni chura mwingine, yule mnayemlinda alikuwa wa kijitoni, daftari hili hapa. Anayeweza kumjibu ni aliyeandika daftari, tena akiwa hai. Siwezi kungoja nikuzike. Sitaki pia. Na kuhusu lebo, mwongozo wa makumbusho nimeukariri tangu chuoni, kifungu cha kwanza: lebo ya kwanza haitolewi chupani kwa sababu yoyote, yenye kosa huongezewa ya pili, yenye tarehe na sahihi. Uliuandika wewe.

Mjukuu wako bado,
Mtafiti


Nyuma ya kiwanda cha matofali
15 Aprili

Kwa Bwana Mkubwa,

Shikamoo. Naanza hivyo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, usije ukadhani ni kitu kingine.

Tumempata. Nakwambia mapema ili usije ukakata roho katikati ya barua.

Nilipanda kwa fimbo mbili, siku tatu, huyu mjukuu wako mbele na plasta yake, mimi nyuma na magoti yangu. Ukituunganisha tulitosha mtu mzima mmoja. Gogo lile la zamani halipo, limeshakuwa udongo. Lakini mahali napajua: pale mgongo unapopinda, ukungu unapoingilia kila asubuhi kama mtu kaacha mlango wazi. Magogo yamelala pale, kwa nje makavu kabisa, ukiingiza mkono ndani ni sifongo. Maji yapo, Bwana Mkubwa. Hayatiririki tu. Yanakuja na hewa, gogo linayanywa, naye anakaa humo. Mpishi yeyote anajua kitambaa kinavyoshika mvuke. Wewe ulikuwa unatafuta mahali pa kuchovya ndoo.

Nilichotaka kukwambia ukanikatiza ni hiki. Pembeni ya yule niliyekuletea alikuwepo mwenzake, amelalia mayai. Huyo nilimwacha, sikuwa na moyo wa kumtoa. Na safari hii tumemkuta mmoja hivyo hivyo, kayakumbatia, mayai yenyewe yameshakomaa yanaonyesha ndani. Mjukuu wako alilala kifudifudi na lenzi yake saa nzima, nikadhani amesinzia. Ndani ya yai hakuna kiluwiluwi. Mna chura kamili, ana miguu, ana macho. Mkia ulikuwepo, akautumia humo humo ndani, akaumaliza. Mmoja akatoka tukimwona, hazidi punje ya mtama, akapanda mgongoni kwa mamaye akatulia. Hajaona dimbwi wala hana habari nalo. Mjukuu wako alianza kulia. Nilimwambia ageuze uso, asiwamwagie chumvi watoto wa watu.

Wakubwa tumehesabu saba, kwenye magogo matatu. Hatukuchukua hata mmoja. Picha tu, na sauti. Wanalia, ulijua? Kidogo sana, kama mtu anayegonga kijiko kwenye kikombe chumba cha pili.

Sasa na mimi nina langu. Kesho yake, tarehe 15, wewe umelala hemani, nilirudi mgongoni. Nikapata wengine wanne, na watoto wao. Nikashuka, nikapika, nikakunywesha dawa, nikajikausha. Nilijiambia, hajaniuliza. Miaka yote hii ningeweza kuandika barua. Kuandika najua, kama unavyoona. Nilipenda nijue peke yangu. Kila gazeti lilipoandika kwamba wataalamu wamemtafuta wamemkosa, nililisoma mara mbili, nikajipikia chai. Ilikuwa tamu, sikufichi. Juzi nilipoona alama nyekundu walizopaka wenye machimbo kwenye miti ile ndipo utamu uliponitoka. Kumbe nilikuwa nawafungia mlango walio ndani.

Barua yako kwa mjukuu wako ni ndefu na imenyooka. Mimi hujaniandikia. Na jambo moja umeliruka. Yapata miaka thelathini sasa, nilikuja makumbusho na wanachuo wetu. Nikasoma jina lako pale penye kioo. Nikamwomba karani wa mlangoni akuite. Akaenda, akarudi, akaniambia umesafiri. Kofia yako ilikuwa kwenye msumari nyuma yake, ile ile ya mlimani, naijua, niliishona mwenyewe ukingo wake. Ulisafiri kichwa wazi?

Mwanasheria ameshasema kama alivyotabiri mjukuu wako: picha nzuri, chura mwingine. Sikuombi kitu. Nakwambia tu mambo yalipofika.

Chumvi acha.

Mpishi


Chumba cha nyuma
20 Aprili

Dada Moshi,

Mwandiko huu ni wa binti yangu. Kalamu imenishinda, na barua hii haikufaa ingoje. Kwa hiyo na yeye ameshajua. Nimempa barua zote azisome, tangu ya kwanza. Alisoma hapa pembeni yangu, akaenda sebuleni, nikasikia anashusha picha ukutani. Kisha nikasikia anaitundika tena. Aliporudi aliniuliza, "Jina lake halisi nani, huyo mpishi?" Nikalitaja, lake na la baba yake. Nimeshukuru kwamba nilikuwa nalikumbuka.

Sikuwa nimesafiri. Nilikuwa chumba cha sampuli, nyuma ya rafu ya nyoka, nimesimama mpaka karani aliponiambia umeondoka. Dakika arobaini. Nilikuomba radhi pale pale, kimoyomoyo, mahali ambapo hukuwa na namna ya kukataa. Sasa nakuomba kwa barua, na kukataa unaweza.

Kwa tarehe 15 huna cha kuniomba mimi. Ungeniambia, ningeandika kijito tena.

Jina la kitaalamu la chura halibadiliki, kanuni za kazi haziruhusu. Ataendelea kubeba langu. Naona haya kwa niaba yake.

Kama una nafasi, niambie zaidi. Mama anakula wakati amelalia mayai? Dume anakuwa wapi? Watoto wanakaa mgongoni siku ngapi, na wakishuka wanakwenda gogo jingine au wanabaki pale pale? Hizo sauti za kijiko, ni asubuhi tu au na mchana? Nimelala hapa nayageuza maswali haya kama kijana aliyeajiriwa jana. Chumvi nimeacha. Chakula kimekuwa kama karatasi.

Hapa ndani kuna nakala ya ninachoiandikia kamati. Isome. Penye kosa, kata, uandike unavyojua.

Mzee Chupa
(Baba amesema, mimi nimeandika. Shikamoo Mama. Ni binti yake.)


Chumba cha nyuma
20 Aprili

Kwa Kamati ya Misitu,

Mimi ndiye niliyeandika daftari la safari na lebo ya sampuli namba 618. Nina miaka themanini na tatu. Mwili hauna nguvu, akili ninayo, na daktari wangu ametia sahihi hapa chini kuthibitisha.

Nilichokiandika si kweli. Siku hiyo nilikuwa mgonjwa hemani, kijitoni sikufika. Sampuli ililetwa kambini na mpishi wetu, kutoka ndani ya gogo kwenye mgongo wa mlima. Aliniambia hivyo asubuhi ile ile. Sikumwamini. Nikaandika dhana yangu mahali pa ushahidi wake, na jina langu mahali pa jina lake. Miaka mitano baadaye nilipata uthibitisho kwamba alisema kweli, nikanyamaza kwa hiari yangu, sikushurutishwa na mtu.

Chura wa gogoni na chura wa chupani ni mmoja. Linganisheni doa la koo, vidole na ukubwa wa mayai. Kijito hakijawahi kuwa na chura huyu isipokuwa kwenye karatasi yangu, na wote waliomtafuta huko na kumkosa walikosa kwa sababu yangu.

Naomba lebo ya pili iongezwe chupani, yenye jina la mpishi. Ya kwanza iachwe ilipo.

Nimearifiwa kwamba mwanasheria wa machimbo anataka kunihoji. Aje, asubuhi ninakuwa na pumzi. Lakini kwangu atapata kidogo, maana mgongoni sikuwahi kufika. Aliyefika atakuwa mbele yenu tarehe 30. Mpeni kiti, magoti yanamsumbua. Mwulizeni alimpata wapi, na mwacheni amalize.

Mzee Chupa
Mtunza sampuli mkuu, mstaafu